Uboho wa Kabula Haukuwa Kafara

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, hata nyie wa mabenchi ya nyuma, maana miaka ile ya tisini nyie ndio mlionong'ona zaidi.

Mnanijua, mimi ni Mama Kabula wa hapahapa Runzewe. Mume wangu alikuwa na duara la dhahabu kule Geita, shimo ambalo kwa muda mrefu lilimpa vumbi tu. Lilipoanza kutoa dhahabu, binti yetu Kabula naye akaanza kuumwa. Homa haishuki, fizi zinatoka damu, miguu imejaa mabaka. Wachimbaji wana imani yao: dhahabu ikitoka ghafla na mtoto akaugua, basi baba amemtoa kafara. Nikifika kisimani, wanawake wananyamaza. Iliniuma jamani!

Tukampeleka Mwanza, hospitali kubwa. Daktari, mama mmoja mpole, akasema ni saratani ya damu, tena ziko za aina nyingi, na dawa ya aina moja haifai kwa nyingine. Kwenye darubini alishindwa kutofautisha aina mbili; aliegemea moja, ila hakutaka kubahatisha.

"Mama Kabula," akaniambia, "kila chembe ya mwili ina vinasaba, yaani maagizo. Vingine viko kazini, vingine vimelala. Wenzangu wa ng'ambo wanajaribu kupima maelfu kwa mara moja, waone vilivyo kazini. Saratani zinazofanana kwa macho huachana hapo. Nipe ruhusa nitoe uboho kidogo, ule ute wa ndani ya mfupa, kwenye nyonga yake, niwatumie."

Uboho wa mtoto upande ndege! Mama mkwe wangu akasimama mlangoni mwa wodi, mikono ameitanua.

"Yaya! Hapana! Hicho ndicho kafara inachosubiri. Mkiutoa, mmemmaliza mjukuu wangu."

Nikamtazama mume wangu. "Nikikubali," akasema, "kule duarani watasema nimeuza uboho wa mwanangu, wataniua."

Ndugu zangu, nilisimama katikati yao na Kabula anahema kwa shida. Nikalia: Bwana, mimi vinasaba sivijui, lakini wewe ndiye uliyeviumba! Hofu haikuondoka, nisiwadanganye. Ila mdomo wangu ulifunguka. "Daktari, mchome sindano, uutoe."

Tukasubiri. Kabula akaongezewa damu, homa ikapanda tena. Mama mkwe aliketi ng'ambo ya kitanda, hagusi chakula changu, haniangalii usoni. Kila mtoto akilia wodini, namgusa Kabula kama bado anapumua.

Jibu likaja. Ilikuwa ile aina ambayo daktari hakuitegemea! Kwa kuwa kipimo kile kilikuwa bado cha utafiti, akafanya vipimo vingine vya kawaida, navyo vikakubaliana nacho. Akabadilisha dawa alizokuwa amepanga. Kabula alitapika, nywele zikanyonyoka zote, kisha fizi zikakauka damu. Siku alipoomba uji, mama mkwe ndiye aliyekimbia kuukoroga, akanipa na mimi kikombe.

Asante Yesu! Na wewe uliyemficha mgonjwa ndani kwa kuogopa maneno ya watu, mwamini Bwana, kisha umtoe. Njoo kwangu, nitakusindikiza hadi kwa daktari.

Lile duara lilikauka zamani, halina hata chembe ya dhahabu. Kabula ni yule pale kwenye kwaya, anayetikisa kayamba. Kafara gani hiyo, ndugu zangu, inayochukua dhahabu na kuacha mtoto?