Kamati ya Kumwachisha Wembe Sigara

Benchi la pale kona lina miguu mitatu ya mbao na wa nne ni tofali. Upande wa tofali ni wa Wembe, kinyozi, kwa sababu duka lake liko hapo hapo nyuma, na mteja akija anainuka bila kumwomba mtu njia. Mbele ya benchi Mama Kahawa ameweka jiko lake la mkaa na birika juu, na mkaa huo ndio kiberiti cha benchi zima. Jioni hiyo Wembe alikuwa kafura. Mjukuu wake, mtoto wa binti yake, alikuwa amepita hapo sasa hivi, kashikwa mkono na mama yake, kichwa kimenyolewa upya kinang'aa. Na hakunyolewa na babu yake. Alitoka ng'ambo ya barabara, kwa Vioo, kinyozi kijana ambaye ni Wembe mwenyewe aliyemfundisha kushika mashine.

— Hapo kanyolewa babu, si mjukuu, alisema Kesho. Huyu ni seremala, na jina alipewa na wateja wanaosubiri vitanda vyao.

— Cheka tu, Wembe alisema. Mjukuu wangu, damu yangu, anapelekwa kwa yule! Na mstari wa kisogoni kaupinda.

— Kisa nini lakini? Kesho aliuliza.

— Kisa mkono. Nikimshika kichwa, vidole vinamnukia sigara puani. Ananiambia, "Babu, mkono wako unanikohoza." Na kweli anakohoa, maskini, mtoto ana kifua. Mama yake kasema kichwa kile sikigusi tena mpaka niache sigara.

Hapo akajitia kukohoa. Halafu akakohoa kweli.

Kamati ikakaa sawa. Ndiyo, ilikuwepo kamati ya kumwachisha Wembe sigara, na ilikuwa imeshaanza kazi. Wiki iliyopita ilimpokonya pakiti yake, akapewa Kesho aitunze. Kesho aliitunza kwa kuivuta.

— Tatizo lako ni haraka, alisema Dokta, akipuliza moshi juu. Dokta aliwahi kulazwa hospitali wiki nzima, akarudi na maneno ya kidaktari, na sasa aliendelea: Mapafu yamezoea moshi. Ukiyaletea hewa safi ghafla yanashtuka. Mtu anaweza akaanguka hapo hapo kwa hewa safi!

— Acha kumtisha mwenzio, alisema Kesho. Dawa ni glavu.

— Glavu za kunyolea? Dokta aliuliza.

— Za kuvutia! Unavuta na glavu, unavua, mkono safi, unanyoa.

— Nilijaribu juzi, Wembe alisema kwa unyonge. Mteja akaniona natoka nyuma na glavu, akauliza kama nataka kumpasua.

— Basi shika sigara kwa koleo, alisema Mama Kahawa, akimwaga kahawa vikombeni. Langu hili hapa. Mimi nawashangaa nyie wanaume. Kitu kinanuka, kinawakohoza, na bado mnakibusu. Mimi hata siku moja sijavuta.

— Au ukae upande upepo unakotoka, Dokta alizidi kupamba moto. Moshi usipokugusa, kisayansi hujavuta.

— Jamani, mimi nilishapewa namba, Wembe alisema.

Alitoa simu mfukoni kama mtu aliyefumaniwa.

— Muuguzi alimpa binti yangu. Unapiga bure, wanakusaidia kuacha. Niko nayo tangu mwezi uliopita.

— Na hujapiga?

— Niwaambie nini? Mzee mzima nimeshindwa na kikaratasi chenye majani ndani?

— Piga, alisema Kesho. Weka sauti kubwa. Kamati isikie.

Wembe akapiga. Mwanamke akapokea, sauti yake tulivu.

— Habari za jioni. Hongera kwa kupiga simu.

Wembe hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumpa hongera. Akaeleza yote, mkono, mjukuu, Vioo, mpaka mstari uliopinda.

— Pole sana, mzee. Hamu inakukamata zaidi wakati gani?

— Jioni. Nikishika kahawa.

— Ukiwa na nani?

— Na hawa. Kamati yangu.

— Tunamsaidia sana, dada! Dokta na Kesho walipaza sauti pamoja, wakakohoa pamoja.

— Nawasikia, alisema mwanamke. Mzee, zipo dawa za kukusaidia, na hizo tutazipanga na zahanati. Lakini jioni ya leo unahitaji mtu. Hamu ikipanda, mara nyingi baada ya dakika chache inashuka. Unakaa naye, unakunywa maji, mnaongea mpaka ipite. Sasa niambie, kati ya hao wa kamati, nani hatumii tumbaku ya aina yoyote?

Dokta akatazama viatu vyake. Kesho akaficha sigara nyuma ya mgongo, utadhani mwanamke anaona. Kisha wote wakamgeukia Mama Kahawa, wokovu wao.

— Mimi sivuti, alisema Mama Kahawa, lakini safari hii taratibu.

— Hata ya kuweka mdomoni, mama?

Mama Kahawa akafunika shavu kwa kiganja.

— Hii ni ya jino.

— Jino lipi? aliuliza Kesho.

— Lililong'olewa.

Mwanamke akauliza tena kwa upole:

— Basi hata jirani, mzee. Au mtu wa kazi yako.

Wembe akainua macho. Ng'ambo ya barabara, Vioo alikuwa anafagia nywele sakafuni, na zilikuwa za mjukuu wake. Yule tangu aje kujifunza kazi hajawahi kugusa sigara, na Wembe alikuwa akimcheka kwa hilo. Iliuma. Aliona afadhali angekuwa mtu mwingine yeyote.

— Yupo mmoja, alisema.

Kesho alikuwa anamsogezea kaa la moto kwa koleo, kwa mazoea tu. Wembe akainuka, benchi likalalia upande wa pili, kamati ikashikana isianguke. Simu akaisahau pale pale, akavuka barabara.

— Shikamoo, mzee, alisema Vioo, ufagio ameukumbatia kifuani kujikinga. Kuna ubaya?

— Marahaba. Nimekuja kukaa.

— Kukaa tu?

— Kukaa tu. Nipe maji, halafu uniongeleshe. Chochote.

Vioo akamtolea kiti mlangoni. Wembe akauweka mkono wa kulia chini ya paja, akaukalia, usije ukatafuta sigara.

— Ule mstari wa mtoto nimeupinda kidogo, alisema Vioo.

— Umeupinda sana. Endelea.

Kule kona simu ilikuwa bado hewani, sauti kubwa:

— Mzee, bado upo?

Dokta akaiokota.

— Hayupo, dada. Kaenda kwa asiyevuta.

— Vizuri sana. Na wewe je, ungependa kuacha?

Dokta akaitazama sigara vidoleni. Akamtazama Kesho. Kesho akamtazama Mama Kahawa, na Mama Kahawa akainua birika akalitikisa. Tupu.

— Vioo, alisema Wembe, akimwona Dokta anavuka barabara na simu mkononi, hebu toa na kiti kingine.