Ndege Tuliyoisukuma Kila Jumamosi

Mheshimiwa Waziri, Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi Mkuu wa shirika letu, marubani na mafundi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu wa chumba cha cherehani mliopangwa huko nyuma juani: nawasalimu wote, na huko nyuma nawasalimu mara mbili.

Nimeambiwa niseme kwa ufupi, kwa niaba ya wastaafu. Nitajaribu. Lakini kwanza mtazameni yule rubani aliyesimama chini ya ngazi ya ndege mpya, mwenye mistari minne begani. Yule nimemzaa mimi. Nimewaona baadhi yenu mkinong'onezana ni binti wa nani, nikaona niwapunguzie kazi. Leo ndiye nahodha wa safari ya kwanza ya ndege hii, na mimi nina tiketi mkobani. Tatizo ni moja: nimeshona vitambaa vya viti vya shirika hili tangu ujana wangu hadi macho yakaukataa uzi, na sijaruka hata siku moja. Naogopa. Jana binti yangu aliniuliza, "Mama, kama wewe huniamini, abiria wataniamini vipi?" Nikajifanya natafuta miwani, nayo ilikuwa usoni.

Ndugu zangu, hatukuanzia kwenye ndege inayong'aa hivi. Nilipoajiriwa, abiria walikuja uwanjani wamevaa kama wanaokwenda harusini, na tiketi iliandikwa kwa mkono, ukiipoteza, umejipoteza. Ndege zilikuwa chache, lakini tulitembea vifua mbele. Kisha zikaja zile siku. Nani hapa amezisahau? Ndege moja ikauzwa, nyingine ikapelekwa nje kwa matengenezo ikakaa huko kama mke aliyesusa, tukabaki na moja tu, ndogo, ya mapangaboi, imesimama karakanani bila injini.

Sasa ndege, hata isiporuka, haiachwi hivi hivi. Ikisimama mahali pamoja, uzito wote unalalia upande mmoja wa matairi, nayo yanaharibika. Trekta la kuivuta halikuwa na mafuta. Marehemu mume wangu, yule fundi mliyemwita Spana, akasema, "Mikono si tunayo?" Basi kila Jumamosi tukaisukuma, mafundi, wahudumu na sisi washonaji, hadi magurudumu yageuke; tukaiosha, tukarudi makwetu. Watu walisimama nje ya uzio wakitucheka. "Nyie, maiti haioshwi kila wiki." Mume wangu akawajibu, "Huyu hajafa, amelala. Punguzeni kelele msije mkamwamsha kabla hatujamtia injini."

Binti yangu hakusukuma. Alikuwa mdogo na, niseme kweli, mvivu. Alikaa kwenye kiti cha rubani akitutangazia dirishani: "Abiria, fungeni mikanda, tunaelekea ukutani." Tukacheka, tukasukuma. Mnaojiuliza urubani aliuanzia chuo gani, ndicho hicho.

Injini zilipopatikana, wakaguzi walikuta matairi mazima. Ile ndege ikaruka, na kwa mabawa yake shirika likainuka tena. Spana aliusikia ule mngurumo kwa masikio yake. Kumwona mwanawe akirusha ndege, hakujaliwa.

Leo mtu ananunua tiketi kwa simu akiwa kitandani. Matengenezo makubwa tunayafanya hapa hapa, kwa vijana wetu wenyewe. Hakuna ndege inayokwenda kususa ugenini. Usasa siukatai, ingawa umeniumbua. Mkurugenzi aliniomba nishone kitambaa cha kiti kimoja cha ndege mpya, kuwa kumbukumbu ya wastaafu. Nikashona kwa vipimo vya kichwani, vya viti vya zamani. Kumbe viti vya siku hizi navyo vinapunguza mwili. Kitambaa kikaning'inia kama gauni la kuazima. Fundi kijana akataka kukitoa, binti yangu akamwambia, "Kiache. Mwenyewe atakuja kukijaza." Mnaonitazama mnajua hakukosea.

Mheshimiwa Waziri, ombi letu wastaafu ni moja. Ndege hizi zitunzwe. Sisi mikono yetu imechoka, na hii mpya ni nzito, hatutaweza kuisukuma.

Namwona nahodha anatazama saa. Zamani ndege zetu zilisubiri wakubwa wamalize chai. Huyu hasubiri mtu, na tabia hiyo ameirithi kwangu, kwa hiyo simlaumu. Mwanangu, jana uliniuliza swali, nakujibu mbele ya watu hawa: bado naogopa. Lakini niliisukuma ndege isiyo na injini kwa sababu baba yako alisema itaruka. Nitashindwaje kupanda yenye injini, wewe ukiwa usukani? Nakuja.

Nawashukuru walionipa heshima hii, na asanteni nyote kwa kunitegea sikio. Mwenye makofi ayapige sasa, wakati napanda ngazi, na asiyakatize hadi mlango ufungwe, nisije nikageuka nyuma.