Sori Ilivyonitoa Kazini

Bwana asifiwe, kanisa! Na mwenye uchungu naye aitikie, maana mimi nimesimama hapa nikiwa nao, sitawadanganya.

Ndugu zangu, wengi mnanijua, Mama Neema wa hapa Merrylands. Nilikuwa nikitunza wazee katika makao ya wazee, na kazi ile niliipenda. Niliwaogesha, niliwalisha, niliwaimbia. Asubuhi moja nikampelekea mzee mmoja chai, nikamkuta sakafuni, ameanguka akiwa peke yake chumbani. Nikabonyeza kengele ya kuita msaada, nikapiga magoti, nikamshika mkono. Sasa mnajua mtu wa kwetu husema nini! Mtu akijikwaa, pole. Akikohoa, pole. Nikamwambia kwa Kiingereza, "Sori, baba. Sori sana." Binti yake ndiyo kwanza alikuwa anaingia mlangoni, akasikia.

Ndugu zangu, neno lile lilinimaliza! Kwa wazungu wa huku, sori ni ya mwenye kosa. Binti akasema nimekiri. Meneja akaniita ofisini: "Kama hukumwangusha, sori ilikuwa ya nini?" Nikaeleza pole ni nini, nikaeleza mpaka ulimi ukakauka. Nikaambiwa nikae nyumbani, uchunguzi ufanywe.

Nikakaa. Na hapa mnisamehe au msinisamehe, nitasema. Kanisa hili halikuja! Mlisikia Mama Neema amemwangusha mzungu, mkaanza kunipungia mkono kwa mbali kama mgonjwa wa kipindupindu. Nikaingiwa na roho ya ububu. Binti yangu alijikata kidole akikata vitunguu, nikaitazama damu, pole ikakataa kutoka. Akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nimemkasirikia. Nilijifungia bafuni nikalia.

Aliyebisha hodi ni jirani yangu Mkongo, Mama Riziki, ambaye hata si wa kanisa letu. "Toka mu nyumba, dada," akasema. "Kuja tupike."

Akanipeleka kwenye nyumba moja karibu na hospitali. Ni ya Waaborijini wa pwani ya mbali kaskazini, wenyewe wa nchi hii. Kule kwao mtu akizidiwa huletwa huku kwa ndege, na jamaa zake wakimfuata hawana pa kulala. Basi wakajipanga wenyewe, wakachanga, wakatafuta wa kuwasaidia, wakafungua nyumba. Msimamizi ni mama mmoja wa huko huko, Anti Dulcie. Mnakumbuka yale magunia ya makoti tuliyowapelekea pwani, tukapiga na picha? Anti aliniambia, "Kwetu joto, binti. Hakuna aliyetuuliza."

Siku moja kaka yake akafariki pale hospitalini. Kwao jina la marehemu halitajwi, nami silitaji. Nilikuwa nakoroga mchuzi wa samaki alipoingia na habari, neno likanitoka kabla sijalizuia: "Sori, Anti. Sori." Nikaziba mdomo. Nikangoja aniulize kosa langu.

Hakuniuliza! Akavuta kiti. "Ndiyo, binti. Sori. Keti nami."

Ndugu zangu, kumbe watu wale msiba wenyewe huuita kwa neno hilo hilo! Matanga yao ni sori! Tukaketi, tukalia, mchuzi ukaungua, hakuna aliyeujali. Kifungo changu kikakatika pale jikoni. Haleluya! Nilirudi nyumbani nikamwambia binti yangu pole, kwa kidole kilichokwisha kupona.

Kazi sikurudishiwa. Uchunguzi ulipokwisha walisema sina kosa, lakini shifti zangu alikuwa nazo mwingine, na hakuna hata mmoja aliyeniambia sori. Inaniuma mpaka leo. Nimeomba, nimefunga, bado inaniuma. Lakini kinywa changu Mungu amekifungua, na kwa hilo namshukuru mbele yenu.

Jumamosi tunapika tena. Familia nyingine imefika na mtoto mgonjwa. Msije na makoti wala kamera, na mipango ya kanisa iacheni hapa hapa. Anti atawaambia wanachohitaji. Na wewe uliyegeuza uso pale stesheni ukijifanya hukuniona, nakualika wa kwanza. Mtumaini Bwana, uje uketi. Kiti kipo, karibu na changu.