Mama Upo na Simu ya Saa ya Chai

Sijawahi kumwambia mtu kwamba naiogopa Ijumaa hii. Ndiyo siku, tarehe thelathini Juni, shangazi yangu anapostaafu baada ya miaka thelathini na mmoja chuoni. Kwa miaka kumi na miwili ya mwisho ameongoza shahada ya uzamili ya watu walio kazini. Wenzake ofisini wameniomba niandike mimi maneno ya kumuaga kwa sababu ninaishi naye na, walisema, "wewe si unapenda vitabu?" Nilishindwa kukataa.

Programu yake ni ya masomo mseto: katikati ya wiki wanafunzi husoma mtandaoni, Jumamosi hukutana darasani. Siku hizi waombaji ni wengi kuliko nafasi. Mwanzoni haikuwa hivyo. Mihadhara ilirekodiwa vizuri, ikawekwa mtandaoni, na haukupita muda darasa zima likawa miraba myeusi yenye majina tu kwenye skrini. Watu walijiunga, kisha wakarudi kwenye shughuli zao. Wakubwa wakasema hawa ni watu wazima, waachwe. Shangazi hakuwaacha. Alianza kumpigia simu kila aliyekuwa kimya, saa ya chai, na neno lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Upo?" Ndipo wanafunzi wakambatiza Mama Upo.

Jumamosi nazo akazibadilisha. Alikataza kusoma slaidi darasani. "Slaidi mmeziona nyumbani," alisema. "Hapa leteni kinachowanyima usingizi kazini." Mhasibu akaleta lake, mwalimu mkuu akaleta lake, wenzao wakayachambua mpaka sauti zikakauka. Tasnifu nyingi zilianzia humo. Hata mhandisi wa maji aliyehudhuria kipindi cha mtandaoni akiwa juu ya tangi aliambiwa tu, "Mhandisi, ukianguka, zima maikrofoni kwanza." Alihitimu, tena akiwa mzima.

Nyumbani Shangazi hupika simu ikiwa imebanwa begani. Sufuria tumeziunguza nyingi.

Kinachonitia hofu ni hiki: kuanzia Jumatatu, wasiohudhuria watakuwa wanatumiwa ujumbe na kompyuta badala ya kupigiwa simu. Na Ijumaa hiyo hiyo asubuhi, kabla ya sherehe, mwanafunzi wake wa mwisho, muuguzi tunayemwita Sista, anatakiwa kutetea tasnifu yake. Wodi yake imefurika wagonjwa, na tangu wiki iliyopita alikuwa hapokei simu. Shangazi akawa hali vizuri. Simu aliiweka kando ya sahani, akaitazama zaidi kuliko chakula.

Shangazi, wote uliowapigia tunakushukuru. Tunakuombea asubuhi zisizo na haraka, chai unayoimaliza ikiwa bado ya moto, na afya ya kuyafurahia yote hayo.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika jana, simu ya Shangazi ikalia naye yuko bafuni. Mimi huwa sipokei simu, sauti hunikwama. Nilipokea. Alikuwa Sista, na ameniruhusu kuandika haya.

"Mdogo wangu, mwambie Mama basi, naacha. Nikisimama mbele ya wale maprofesa nitasahau hata jina langu."

"Hata mimi husahau, dada," nilisema. "Nieleze mimi kwanza. Mimi sijui chochote."

Akacheka kidogo, kisha akaanza kunieleza jinsi wauguzi wanavyokabidhiana wagonjwa zamu zinapobadilika, na mambo yanayosahaulika hapo katikati. Niliposhindwa kuelewa nilimkatiza, naye akarudia kwa maneno mepesi zaidi. Shangazi alitoka na taulo kichwani, akasimama mlangoni akisikiliza. Hakuninyang'anya simu.

Sista hakuahidi kwamba atakuja kutetea. Usiku nilijigeuzageuza tu kitandani. Leo saa ya chai nimechukua simu yangu mwenyewe, bila kutumwa na mtu, nikabonyeza namba ya Sista. Iliita mno. Alipopokea nikasema, "Upo?" na tukaanza tasnifu yake upya tangu mwanzo.