Sauti ya Mama Anayelia

Kijiwe cha Majengo ni mbao moja juu ya matofali, kando ya jiko la mandazi la Nthoki. Wenyewe ni watatu. Musau, dereva mstaafu, huitwa Redio kwa sababu hazimiki. Adongo huitwa Kaunsela tangu aliposhindwa kura ya udiwani. Ondiek ni mhadhiri aliyerudishwa mtaani na mgomo wa vyuo. Huyo huitwa Prof tu. Leo Nthoki alikuwa na bintiye Mutheu mgongoni, na hema la chanjo ya surua pale kwa chifu lilikuwa lifungwe adhuhuri. Juzi walizika mtoto wa Carolyne, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Surua. Sasa simu ya Redio ilikuwa inacheza sauti iliyorekodiwa: mama fulani akilia, eti binti yake alidungwa chanjo, hatazaa kamwe.

— Sikia huyo mama, — Redio alisema. — Mtu halii hivyo bure.

— Ni nani? — Nthoki aliuliza.

— Si ni mama tu. Imetoka grupu ya WhatsApp ya ploti.

— Buda, hujui kitu, — Kaunsela alisema. — Hiyo sindano ina kidude. Inahesabu watu. Kura ijayo washajua Majengo tuko wangapi.

— Na wa Carolyne aliuawa na nini? — Nthoki aliuliza.

— Huyo? Walimmaliza ndio sisi wengine tukimbilie sindano.

Nthoki aligeuza mandazi. Prof alikohoa.

— Ni uongo. Hiyo sauti tuliichunguza chuoni. Ilirekodiwa nchi nyingine, kuhusu dawa nyingine kabisa.

— Mkamwambia nani? — Nthoki alimuuliza.

— Tuliandika kwa jarida. La Uholanzi.

— Basi Waholanzi wako salama, — Redio alisema, na Kaunsela akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Nthoki hakucheka. Clare wa Prof ni rika la Mutheu. Huwa wanacheza pamoja.

— Baba Clare, wako amechanjwa?

Prof aliangalia kikombe chake.

— Mama yake amekataa. Alisikia hiyo sauti kwa grupu ya kanisa.

— Na wewe ukamwambia nini?

— Nilimtumia ile makala.

Redio aliizima simu yake. Huyo mama wa kwa simu Nthoki hakumjua. Kilio cha Carolyne alikijua; kilipita ukutani usiku kucha. Aliepua karai, akafunga leso vizuri, akashika njia ya kwa chifu.

Nyuma yake alimsikia Prof akipiga simu nyumbani.

— Mama Clare, utafiti unaonyesha kwamba...

Hakumaliza. Alikuwa amekatiwa.