Mgonjwa wa Kwenye Miwani Anataka Jibu

Ukifika uwanja wa soko wa mji wa Iisalmi mwezi wa tatu, theluji ikiyeyuka na kuwalowesha watu soksi, utalikuta hema la kahawa na benchi lake. Kwenye benchi wapo watatu ambao hawana kazi ila kuamua mambo ya dunia. Oiva, aliyeendesha basi mpaka akastaafu, wanamwita Breki, kwa sababu kila hoja huisimamisha katikati. Taisto, mstaafu wa posta, ni Redio, huyo hazimiki. Hilkka, aliyekuwa mpishi wa shule, ni Kamishna, na hakuna aliyewahi kuuliza nani alimteua. Asubuhi hiyo Breki alikuwa na andazi mkononi, halimshuki. Mjukuu wake Saimi, anayesomea uuguzi, alikuwa anarudia mtihani mchana uleule. Akianguka tena, wenzake wanaingia wodini, yeye anabaki.

— Kwani alikosea nini? Redio aliuliza. Mshipa ulimkimbia?

— Mshipa aliupata, Breki alisema. Siku hizi wanavalishwa miwani mikubwa, kompyuta inawaletea wodi nzima mbele ya macho, na mgonjwa kitandani. Sasa mgonjwa mwenyewe anaongea. Akamuuliza, "Itauma?"

— Naye?

— Akamjibu kama tulivyomlea. "Huenda ikauma, huenda isiume."

Kamishna aliweka kikombe chini.

— Jibu hilo lina ubaya gani?

— Kompyuta inasema mgonjwa hakujibiwa. Ikamwangusha.

Watu wa Savo, mkoa huu wa Iisalmi, hawasemi ndiyo wala hapana. Wanasema nusu, na nusu nyingine ni mzigo wa anayesikiliza. Breki mwenyewe siku ya harusi yake alimjibu mchungaji, "Naona mambo yanaelekea huko," na ndoa ikadumu mpaka kifo kikaamua. Sasa adabu hiyohiyo imemponza mtoto, na aliyemfunza ni yeye. Jambo hilo lilimkaa rohoni tangu aamke.

— Ile kompyuta ni ya Helsinki, nawaambia, Redio alisema. Kule ukimuuliza mtu anakujibu hapohapo. Hawana malezi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Kamishna alisema. Lakini mgonjwa wa miwani hata akipona hana pa kwenda. Sasa ajibiwe ya nini?

— Methali hiyo haiingii hapo, dada, Breki alisema.

— Inaingia. Wewe ndiye hujaifungulia mlango.

— Mimi nasema ni njama, Redio alizidi kupandisha sauti. Leo wanaanza na wauguzi. Kesho mnavalishwa miwani nyie. Unakuja sokoni umekaa nyumbani kwako, unakunywa kahawa ya picha, unalipa euro za kweli. Keshokutwa unazikwa kwa miwani, watu wanalia kila mmoja sebuleni kwake.

— Na mkate wetu wa kuokwa na samaki ndani? Kamishna aliuliza.

— Wa picha.

— Hapo wamevuka mpaka, Kamishna alisema. Samaki mkunje angali mbichi. Kwenye kompyuta utamkunjia wapi?

Breki hakucheka. Alikuwa amemwona Saimi akivuka uwanja, mkoba begani, uso mwekundu kwa baridi. Alifika, akasimama mbele yao bila kuketi.

— Hamjambo, wazee wangu.

— Mjukuu wetu, usitishwe na mashine, Redio alisema. Tumeshaijadili, tukaona ina makosa.

— Haina makosa, babu Taisto. Mle ndani nimetoboa mishipa ya watu vibaya na hakuna aliyetoka damu. Nimekosea mpaka mkono wangu ukajua njia. Ningejifunzia wapi mengine yote hayo, kwako?

Redio aliuficha mkono wake mfukoni.

— Nina swali moja tu, Saimi alisema, niwahi. Nyote mmeshachomwa sindano ya mshipani. Inauma, au haiumi?

— Hiyo inategemea na hali ya hewa, Redio alisema.

— Kuna maumivu, halafu kuna maumivu, Kamishna alisema, macho kwenye kikombe.

— Ndiyo au hapana?

Hata Redio alizimika. Breki alikuwa ameshaandaa nusu yake ya jibu, iko mdomoni, lakini alimwona mtoto anavyoutafuna mdomo wake wa chini, akaimeza.

— Inauma, alisema. Vuli ile nilipolazwa nilimuuliza muuguzi, akanijibu kikwetu. Nikaukaza mkono, nangoja, sijui nangoja nini. Sindano yenyewe iliuma kidogo tu. Kule kutojua ndiko kulikonitoa jasho. Niliogopa, Saimi.

Hakuna mtu sokoni pale aliyewahi kumsikia Breki akifika mwisho wa maneno ya namna hiyo. Kamishna alijishughulisha na sukari, ingawa kahawa yake huinywa bila sukari. Saimi aliketi. Aliuchukua mkono wa babu yake, akakunja mkono wa koti, akautafuta mshipa taratibu kwa kidole.

— Itauma? Breki aliuliza.

— Itauma kidogo, babu. Nitakwambia kabla sijachoma, na ukitaka nisimame, nitasimama. Sitaondoka.

Sindano haikuwepo, lakini mabega ya Breki yalishuka, na yeye mwenyewe aliyahisi yakishuka. Alifurahi, na hakujaribu kuificha furaha yake.

— Basi nenda, alisema. Kaseme hivyohivyo.

Saimi aliinuka, akajifunga skafu, akaenda zake kwa hatua ndefu. Walimtazama mpaka alipopotelea nyuma ya maduka.

— Atafaulu? Kamishna aliuliza.

— Sijui, Breki alisema. Ila mimi nikilazwa tena, nataka anichome yeye.