Gari Lisiloingia Vumbi

Baba Paroko, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa Maili Mbili, mafundi wenzake marehemu, na ninyi nyote mliofika kutoka Kongwa, Makutupora na Kondoa, poleni kwa msiba na poleni kwa jua, mlio nyuma sogeeni ukutani penye kivuli, maana historia hii si fupi, upande wa marehemu uliomba ipunguzwe na mjane amekataa, akasema mambo haya yalitokea yeye akiwapo na yasomwe kama yalivyotokea. Anayewasomea ni Bartolomayo, mdogo wake mjane, yaani shemeji na mtani wa marehemu, kwa hiyo likipita neno la kuchoma lichukulieni kuwa ni utani, mpaka mtakapoona wenyewe kwamba si utani.

Marehemu Octavian Ndahani alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kongwa, mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Thomas Ndahani, mwaka ambao Waingereza walikuwa wakifungasha virago na mradi wao wa karanga, wakaacha matrekta yakiozea porini, na marehemu mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alijifunza kusimama kwa kushika tairi la trekta, na kwamba akilia akipewa uji anautema, akipewa nati ananyamaza.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1959 hapo hapo Kongwa, akamaliza darasa la nane mwaka 1966 huko Mpwapwa, kisha kuanzia Januari 1968 hadi Novemba 1970 akasomea ufundi wa magari hapa Dodoma, na cheti chake kipo mezani kando ya picha, kimefunikwa nailoni mbele na nyuma na kingo zake zimeunganishwa kwa moto, kwa sababu tangu ujana wake marehemu alikuwa na adui mmoja tu duniani, naye ni vumbi, alilichukia vumbi kama wengine wanavyomchukia mchawi, jambo lenye taabu kidogo kwa mtu aliyeamua kuishi Dodoma.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa katika karakana ya idara moja ya serikali, akaitumikia miaka ishirini na miwili, na haki ya mtu isemwe, mikono yake ilikuwa na akili, alikuwa akifumba macho akaisikiliza injini inavyonguruma akakutajia ugonjwa wake, na hakuna aliyewahi kusema kwamba Octavian alimwibia kipuri. Tarehe 9 Juni 1979, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa huko Makutupora na dada yetu Edina, binti wa mkulima wa zabibu, ambaye wengi wenu mnamfahamu kama mama Cornel, na Mungu akawajalia watoto wawili, Cornel aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1981 na Evelina aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1984, wote wapo hapa.

Edina ana pumu tangu utotoni, na marehemu alilijua hilo kabla ya kuleta barua ya posa, ndiyo maana alipojenga nyumba hii mwaka 1988 alimwekea chumbani dirisha kubwa upande wa mashariki, futi nne kwa tano, kioo kilitoka Dar es Salaam kimelazwa katikati ya magodoro mawili, ili kifua kikimbana afungue apate upepo wa asubuhi, akaweka na madirisha mengine matano ya vioo wakati majirani wengi walikuwa bado na vibao, na dada yetu aliringa, tusifichane, aliringa mtaa mzima ukajua. Huyo ndiye mwanamume aliyeolewa naye, alimpenda na anaomba mlisikie hilo kwanza, na kama historia ingeishia hapo sasa hivi tungekuwa tunanawa mikono tule.

Tarehe 30 Juni 1993 marehemu alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, wakaambiwa zama zimebadilika na kila mtu ajitafutie, naye akarudi nyumbani na kiinua mgongo chake na saa ya ukutani, akakaa miezi miwili akiitazama. Mwezi Septemba mwaka huo Wazungu wawili, mume na mke, walivunjikiwa springi karibu na Makutupora, akaitwa kuwatengenezea, na alipomaliza wakamfungulia mlango wa nyuma wa gari lao ili aone, akaona kitanda, jiko, sinki, tangi la maji na hema la kukunjua juu ya paa, siku hiyo alirudi hakula, akamwambia mkewe, "Edina, watu wanalala porini ndani ya gari, wanapika humo, wanaoga humo, hawamwombi mtu nyumba," na Edina akamjibu kwamba wao nyumba wanayo, jambo ambalo marehemu alionekana kama analisikia kwa mara ya kwanza.

Mwezi Aprili 1994 alinunua mnadani pikapu ya Land Rover iliyokuwa imesimama miaka mitano, nia yake ikiwa kuwapeleka watalii Kolo kuona michoro ya miambani na kuwalaza huko huko porini, na wazo lenyewe halikuwa baya, wengi wetu tulimsifu na wengine tuliomba kazi. Aling'oa bodi ya nyuma akajenga chumba cha mbao za mninga akakivika bati, akaongeza majani ya springi mpaka gari likasimama kama mtu aliyeona nyoka, akafunga tangi la maji chini ya sakafu, meza ya kukunja, tairi za matope, na bomba la hewa lililotoka kwenye injini likapanda hadi juu ya paa, ili gari likivuka Mto Bubu wakati wa masika injini iendelee kupumua hata maji yakifika kwenye boneti. Kitanda alikipima kwa mwili wake mwenyewe, futi sita kwa mbili na nusu, na Edina alipouliza yeye atalala wapi akaambiwa kwani nyumbani atabaki nani.

Chuma cha kazi yote hiyo kilitoka hapa mlipokaa, na hata sasa mkigeuka mtaona, mwaka 1995 zilitoka nondo na fremu za madirisha ya sebuleni zikawa keria ya hema la juu ya paa, matundu yakazibwa matofali, mwaka 1996 zikatoka za vyumba vya watoto na stoo zikawa bampa na ngazi, na tarehe 3 Agosti 1997 marehemu aliingia chumbani na tindo na nyundo akang'oa dirisha la mashariki, fremu ikaenda kushikilia tangi, kioo akakihifadhi ili kiwe dirisha la gari, na tundu akalijaza matofali kwa maneno yake mwenyewe, "Ni kwa muda tu mama, gari likikamilika nakurudishia kubwa kuliko hili." Mwezi wa pili wa kungoja marehemu aliamua kwamba gari halitakuwa na dirisha kabisa, kwa kuwa kioo hutikisika na pembeni yake hupita vumbi, kwa hiyo kioo kikafungwa kwenye blanketi kikasukumwa chini ya kitanda, na dada yetu akawa analala juu ya dirisha lake badala ya kulala mbele yake.

Jinsi ya kulipima gari ilikuwa hivi, marehemu alitandika kitandani mle ndani shuka jeupe, lile alilopewa Edina na mama yetu siku ya harusi, akafunga mlango, akaenda barabara ya Chemba akikaa makusudi nyuma ya mabasi ale vumbi lao lote, akirudi anamwita mkewe amulike tochi wakague shuka pamoja, penye alama ya vumbi anatafuta ufa ulioipitisha, anauziba kwa mpira wa tyubu na gundi, akipata pesa ya mafuta anaenda tena. Alikwenda mara kumi na moja, na kila mara shuka lilifuliwa na mtu mwenye pumu.

Tarehe 21 Februari 1998, saa nane mchana, Edina alibanwa na kifua mle chumbani, midomo ikawa ya bluu, majirani wakakimbilia gari kwa sababu lilikuwa uani, zima, lina mafuta, nalo lina kitanda, na marehemu akasimama mlangoni pa gari, mikono ameitanua, akasema, "Jamani subirini, gundi haijakauka, mkifungua sasa mpira wote unabanduka." Jirani yetu Athuman, ambaye alikuwa amefika kuazima koleo, hakusubiri, alimpakia Edina kwenye baiskeli, mtu mmoja akamshika mgongo, wakamsukuma hivyo hadi hospitali akiwa anahesabu miti ya barabarani ili asizimie, na jioni marehemu alifika wodini na machungwa, akawa na furaha, akasema gundi imeshika vizuri. Upande wa marehemu uliomba hasa sehemu hii irukwe.

Tarehe 10 Juni mwaka huu wa 2000, katika safari ya kumi na moja, shuka lilirudi jeupe kama lilivyotoka, marehemu akalitembeza mtaani, akaliingiza hata kilabuni, na fundi Ludovick aliyemsaidia kuchomelea akamwuliza, "Sasa mzee, vumbi haliingii, hewa je?" naye akamjibu kwamba hewa haina haja ya mlango, yenyewe inajua kupenya. Watalii walikuwa hawajapatikana hata mmoja, ila alitaka kwanza alale ndani yake porini ajue raha yake, na Jumamosi tarehe 15 Julai Edina alipika kuku na chapati, akavaa kitenge kipya, akasema yuko tayari kwenda naye hata akalale kwenye hema la juu, ombi lake ni moja, mle ndani atoboe kidirisha cha ukubwa wa kiganja ili wakisafiri apumue. Marehemu alimwambia, "Nikitoboa hata tundu la sindano miaka yangu sita imekwenda bure, wewe baki," akapokea kuku na chapati, akaondoka, na dada yetu akavua kitenge.

Alifika jioni milimani karibu na Kolo, kwa Shaaban, rafiki yake wa karakana, ambaye yupo hapa na ndiye aliyetueleza yaliyobaki, na Shaaban alimkaribisha ndani, godoro lipo na blanketi lipo, marehemu akasema hakujenga miaka sita ili akalale kwa mtu. Kwa kuwa mwezi wa saba kule kuna baridi ya kukata masikio aliomba jiko la mkaa, Mwajabu mke wa Shaaban akamletea likiwa limekolea, akamsihi, "Shemeji, basi mlango uache wazi kidogo," naye akamjibu kwamba upepo wa kule unabeba vumbi, akaufunga, wakasikia makomeo mawili. Asubuhi ya Jumapili tarehe 16 Julai walipiga hodi mpaka wakachoka, wakavunja mlango kwa shoka, wakamkuta amelala chali kwenye kitanda kinachomtosha sawasawa, mkaa umekuwa majivu, na shuka halina hata chembe. Daktari ameandika kwamba alikosa hewa, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, miezi minne na siku mbili, na gari walilijaribu likawaka mara moja, bomba la injini likiwa safi.

Ni gari hilo hilo lililomleta nyumbani, mlango ukiwa umefungwa kwa kamba ubaki wazi kwa sababu hakuna aliyethubutu kuurudishia, wakakaa nyuma ya mabasi njia nzima, na lilipoingia uani marehemu alikuwa na rangi ya barabara ya Kondoa tangu nywele hadi vidole vya miguu. Edina alipanda, akachukua tochi kwa mazoea, akamulika shuka lote kutoka juu hadi chini, ndipo akakumbuka kwamba aliyekuwa akikagua naye amelala juu yake, na msidhani hakulia, alilia mpaka kifua kikambana, tukamtoa nje apate upepo kwa sababu ndani hamna pa kuupatia.

Familia inawashukuru waganga wa Kondoa na wa hapa Dodoma, ambao walibaki na kazi ya kuandika tu, inawashukuru Shaaban na Mwajabu, inawashukuru mafundi wenzake waliokesha nasi, majirani wa Maili Mbili kwa kuni, maji na sufuria, na kwa namna ya pekee inamshukuru Athuman kwa baiskeli, shukrani ambayo ilipaswa kutolewa na mwingine miaka miwili iliyopita.

Jeneza mnaloliona amelitengeneza Ludovick kwa mbao za kitanda cha gari, hakuhitaji kupima. Kilichokosekana kilikuwa kioo cha pale usoni, cha kumwonea marehemu wakati wa kumuaga, na vijana walipotaka kwenda mjini kukitafuta mama Cornel aliwazuia, akapiga magoti, akavuta blanketi kutoka chini ya kitanda, akakipangusa kioo kwa kitenge chake kipya, akamwambia Ludovick akate cha kutosha na kinachobaki akirudishe, kwa kuwa Jumatatu mwashi anakuja kuvunja yale matofali. Mtapita kwa mstari mmoja kutokea kulia, wanawake wakitangulia, na yeye amechagua kupita wa mwisho, na alipoulizwa familia imsomee neno gani la kumuaga mumewe alisema tusimsumbue kwa mengi, tumpe tu habari moja. Octavian, dirisha limepatikana, pumzika kwa amani.